Jua Lililokuja Likikohoa

Nina saiba hapa Nakuru. Natoa fotokopi, najazia watu fomu mtandaoni, na kwenye kona, mbele ya shuka jeupe lililopigiliwa misumari ukutani, napiga picha za pasipoti. Miaka tisa sasa. "Inua kidevu. Usicheke. Angalia hapa." Ukiyasema maneno hayo kwa miaka tisa unaanza kuamini kwamba wewe ni mpiga picha.

Shida ilianzia kwenye kundi la WhatsApp la ukoo wa mke wangu. Kila asubuhi shemeji yangu mkubwa hutupia humo picha ya jua rangi ya chungwa limekaa juu ya maji, mtumbwi mweusi mbele yake, na maneno "Asubuhi njema, familia ya Mungu." Amina zinamiminika, thelathini, arobaini. Mimi nikiweka tangazo la saiba, kimya, kama nimeingia kwenye matanga ya watu wengine. Nikaapa kwamba siku moja nitaweka macheo yangu mwenyewe, niliyoyapiga kwa mkono wangu, tuone nani ataitikiwa amina.

Ndipo nikapata mtu wa Mbita, kando ya Ziwa Victoria, anayetembeza wageni visiwani kwa boti siku nzima: macheo Takawiri, michoro ya mwambani Mfangano, mchana samaki, jioni Rusinga. Bei ilikuwa ya watu wanne. Sisi ni watatu, mimi, mke wangu na kijana wetu wa miaka saba. Mke wangu alikuwa anakata sukuma wiki. Hakuinua hata macho.

"Wa nne ni Mama," akasema. "Hajawahi kupanda boti."

Ambao si Waluhya hamtaelewa jasho lililonitoka. Kwetu, mkwe na mama mkwe hawakai karibu. Hawapeani mikono, hawali meza moja, na akiwa na neno na wewe analituma kwa mtu mwingine hata kama umesimama hatua mbili kutoka kwake. Vijana wa siku hizi wanakumbatia mama wakwe zao kwenye harusi, nawaona, lakini wangu anatoka Khwisero na hana habari na mambo ya siku hizi. Boti lina upana wa kitanda. Nikauliza tutakaaje humo. Mke wangu akasema, "Si wewe unataka macheo?"

Safari ya kwenda sitaielezea sana. Tulimchukua Kisumu, tukapita Ahero na Homa Bay, yeye kiti cha nyuma na leso begani, akiangalia nje. Mahali fulani baada ya Katito alisema, "Mwambie dereva kuna shimo." Dereva ni mimi. Shimo tulikuwa tumeshaliingia.

Tukaondoka Mbita saa kumi na nusu usiku. Mama mkwe kule nyuma kando ya kijana wa injini, mimi mbele kabisa na stendi yangu ya miguu mitatu, mke na mtoto katikati kama ukuta wa heshima. Ilikuwa giza la mwezi, na nilipotazama ziwani nilidhani nimeona Eldoret. Taa, taa, taa, hadi macho yalipokoma. "Ni wavuvi wa omena," mwongozaji akasema. Giza la mwezi ndilo soko lao: wanaweka taa juu ya maji, wadudu wanaifuata, omena wanafuata wadudu, nyavu zinafuata omena. Mwezi ukiwa mpevu wanapumzika. Taa nyingi siku hizi ni za sola, mwanga mweupe, lakini wapo wazee ambao bado wanatumia karabai.

Naomba hiyo karabai uikumbuke.

Tulipofika Takawiri, mwongozaji akaelekeza boti upande mmoja wa kisiwa. Nikamwambia hapana, tushuke ule mwingine, ambako maji ni mapana hayana mwisho.

"Boss, huku ni kwa machweo."

"Kapteni," nikasema, "picha za ziwa hili nazijua. Jua hutoka majini."

Akanitazama, akatazama ziwa. "Sawa, boss. Wewe ndiye umelipa."

Sasa nielezee akili yangu ilikuwa wapi, maana watu wameniuliza. Picha za shemeji karibu zote zimepigwa Kisumu, Dunga na sehemu kama hizo. Na ukisimama Dunga ukatazama ziwa, unatazama magharibi. Yale ni machweo! Miaka yote ile tumekuwa tukiitikia amina kwa jua linalokwenda kulala. Mimi sikuwahi kuwaza hilo. Niliona jua, maji, "asubuhi njema", nikaweka moyoni kwamba ziwa ndiko kunakotoka asubuhi.

Mama mkwe alikataa kushuka. Alisema kupitia kwa mtoto kwamba boti amelizoea, mchanga hajauzoea. Likafungwa kamba hatua kama ishirini kutoka ufukweni, yeye humo ndani na kijana wa injini, wanatazamana na mimi. Nikasimamisha stendi, nikaelekeza kamera juu ya kichwa cha mama mkwe, kwa adabu zote, hadi kule mbali.

Likatokea.

Juu kidogo ya mstari wa maji, nukta ya manjano iliyokolea. Zile taa nyingine zilikuwa nyeupe, hii ya manjano! Nikajifunga sawasawa. Nikaiacha shata wazi sekunde nane kwa sababu ya giza. Picha ya kwanza jua lilitoka kama mnyoo. Ya pili lilitoka herufi S. Nikasema huo ni mvuke wa ziwa unalitikisa. Nilikuwa nimesoma mahali kwamba mvuke hutikisa mwanga. Nikapiga. Nikapiga tena. Jua likaendelea kukua, na mimi nikaendelea kulipiga, nikimnong'oneza mke wangu, "Unaona? Unaona linavyopanda?" Hakujibu. Alikuwa amejilaza chini ya mti, jaketi la kuelea limekuwa mto.

Nilikuwa nimefika picha ya mia moja na kumi na mbili jua lilipokohoa.

Likakohoa tena, likatema majini, na sauti ya mzee ikauliza kitu kwa Kijaluo. Kijana wa injini akajibu. Wakacheka. Jua likapita ubavuni mwa boti letu, nikaliona vizuri sasa: karabai imening'inia kwenye mti, chini yake wanaume watatu wamelowa hadi kiunoni, na kati yao mlima wa omena unaong'aa kama vijiko vilivyomwagwa. Mama mkwe akaegemea nje. Akachagua, akanusa, akabishana bei, akatoa pesa kwenye kitambaa. Mama mkwe wangu alinunua jua langu kwa ndoo.

Mtu mwenye akili angegeuka hapo. Mimi nilisema basi, hilo lilikuwa la uongo, la kweli linakuja nyuma yake. Na kulikuwa kunakucha kweli. Maji yalianza kuwa ya waridi, nikaona uso wa mama mkwe kule botini umepata rangi ya dhahabu, nikasema liko karibu sana.

Sikujiuliza hiyo dhahabu usoni mwake inatoka wapi.

Yeye alikuwa analiona. Limetoka juu ya miti nyuma yangu, zima, jekundu kama kiini cha yai la kienyeji. Lakini angefanyaje? Kunipigia kelele mimi, mkwe wake? Akamwambia kijana wa injini, amwambie mwongozaji, amwambie mtoto, aniambie nigeuke. Kijana akapaza sauti kwa Kijaluo. Mwongozaji alikuwa mbali anawasha moto wa chai, akasikia nusu. Akamtuma mtoto. Mtoto njiani akakutana na konokono. Akakaa naye. Aliponifikia alikuwa na konokono mkononi, na ujumbe wa Kukhu, yaani bibi yake, ulikuwa hivi:

"Baba, Kukhu anasema ugeuze chai."

"Mwambie mwenye chai ni mwongozaji."

Akarudi. Jibu likapita njia ile ile, mtoto, mwongozaji, kijana, hadi botini. Nikaona mama mkwe ameweka mkono kwenye paji la uso. Kisha akatoa simu, ile niliyomnunulia mimi Krismasi iliyopita, akainyoosha kuelekea ufukweni. Nikamwambia mtoto, kwa fahari kabisa, "Kukhu ananipiga picha nikiwa kazini."

Mke wangu ndiye aliyeamka na kuja na kikombe cha chai.

"Baba watoto, unapiga picha ya nini?"

"Macheo."

"Na hilo lililo nyuma yako ni nini?"

Nikageuka. Limekwishapanda urefu wa ngazi, jeupe, kali, jua la kuanikia nguo. Picha niliyopiga hapo imetoka kama shuka langu la pasipoti.

Nilidhani aibu imeisha. Kumbe omena wabichi hawangoji. Wasipoanikwa jua lilipo, mchana hamtakaa nao boti moja. Mama mkwe akavua leso begani, akaitandaza mbele ya boti, pale nilipokuwa nimekaa mimi, akamwaga ndoo yote na kuwasambaza kwa kiganja, mmoja mmoja asilalie mwenzake. Kisha akatuma neno: mkwe awe anawageuza.

Hivyo ndivyo nilivyozuru visiwa. Tulipofika Mfangano, wakapanda kwenda Kwitone kuona michoro ambayo watu huisimulia kuwa ya Watwa, watu wa kale waliokaa huko kabla ya Waluo na Wasuba. Mimi nilipanda hatua kama hamsini, nikaitwa nirudi. Yangeyange wawili wamesimama ukingoni mwa boti wanaangalia omena kwa jicho la upande, na mama mkwe anasema mwenye stendi ndefu ni mkwe. Nikashinda hapo napepea stendi ya kamera, laki moja isipungue senti, nafukuza ndege. Mtoto alishuka mbio, vumbi hadi kope.

"Baba! Kule juu wamechora jua! Duara ndani ya duara, jekundu na jeupe! Mengi!"

Nikageuza omena.

Kila nilipogeuza, leso ilifunuka kidogo. Asubuhi lilikuwa linasomeka neno moja tu, MWENZIO. Saa sita likaongezeka NYOTA YA. Sikutaka kujua mengine, lakini samaki wanakauka, wanajikunja, wanaacha nafasi. Tukikaribia Rusinga jina lote lilikuwa wazi, herufi nyeusi kwenye zambarau: USISAFIRIE NYOTA YA MWENZIO. Nikamtazama mama mkwe kule nyuma. Alikuwa anatazama maji.

Rusinga tulisimama kwenye kaburi la Tom Mboya, aliyeuawa Nairobi mwaka 1969, jengo lenye umbo la risasi, watu wanaingia na kunyamaza. Mimi niliingia na paka wawili nyuma yangu. Mwongozaji akasimulia pia habari za fuvu la Proconsul alilolipata Mary Leakey kisiwani humo mwaka 1948, kiumbe mfano wa nyani aliyeishi miaka kama milioni kumi na nane iliyopita. Mama mkwe alisikiliza kwa makini, mikono nyuma. Halafu akamwinamia mjukuu, akasema si kwa sauti ndogo:

"Mwambie baba yako, hata huyo alijua jua linatoka wapi."

Ujumbe huo ulifika bila kosa hata moja.

Tulirudi Mbita jioni, jua likizama ziwani vizuri kabisa, chungwa, mtumbwi mweusi mbele yake, ile ile picha ya shemeji. Kamera ilikuwa imekwisha chaji tangu asubuhi, karibu yote ililiwa na karabai.

Kesho yake asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, simu ikalia. Mama mkwe, ambaye hajawahi kuandika neno katika kundi lile, ameweka picha. Macheo ya kweli: anga jekundu, miti myeusi, ufukwe, na katikati mtu ameinama kwenye kamera, jicho moja limefumba, mdomo wazi, na jua limemkaa utosini kama karai la fundi mjenzi. "Asubuhi njema." Amina sitini na nne. Shemeji aliweka tatu peke yake.

Leso yake hakuichukua tena; alituma neno kwamba iliyokaa chini ya mkono wa mkwe kutwa nzima hawezi kuivaa tena, nikamnunulia doti mpya. Omena tulikula wiki mbili, na walikuwa watamu, sitasema uongo.

Juzi mke wangu ameingia saiba na simu mkononi. Kina mama wa kanisa lake kule Khwisero wanaitaka ile picha, nakala kumi na moja, ukubwa wa kutundika ukutani.

"Mama anasema rangi ya jua imekaa vizuri, usiiguse," akasema. "Ila uso wako umekuwa giza. Anauliza kama unaweza kuuongezea mwanga kidogo, na kama kuna bei ya mkwe."