Si maji yaleyale
Kuna mwandishi anadai eti bia za Kimarekani, Budweiser, Coors na Miller, ni maji yaleyale, kinachotofautiana ni lebo tu! Hapo mwandishi nampinga. Ameonja bia ikiwa baridi ya kuuma meno. Ulimi ukishaingia ganzi utatofautisha nini? Mimina kwenye glasi, iache ule ubaridi upungue, nusa kwanza ndipo unywe. Budweiser hupikwa kwa shayiri na mchele, ndiyo maana inaisha kavu mdomoni, na mimi huwa naipata na kaharufu ka tufaha bichi. Miller High Life, yenye kilevi asilimia 4.6, ina mahindi, na kautamu kake kanabaki. Uchungu ni haba kote, sibishi. Bud Light, ile Budweiser nyepesi, siitetei kabisa. Mlioko Marekani, Coors Banquet mnaionaje?