Zimeni Moja Moja

Kwa wale ambao jamaa yangu wa Ujiji ameshawarushia ile voisi: sikulia. Lile lilikuwa jasho. Aliyekuwepo Mwanga jana mchana anajua joto lilivyokuwa.

Kompyuta ya mama mhasibu pale ofisini imenitesa wiki tatu. Inashika mtandao, inaachia. Nisipokuwepo inatulia, nikifika tu kuikagua inakata. (Mnaoanza kucheka mapema, subirini.) Nimebadilisha waya. Nimehamisha tundu kwenye switchi. Nimepanda darini nikashuka na mavi ya popo kichwani. Windows nimepiga upya, nikairudishia namba yake ya mtandao (IP) ile ile. Mama ananiambia, "Mwanangu, kuna maandishi yanatokea hapa kona ya chini." Namjibu, "Yafunge tu mama, ni matangazo." Hata kuyasoma sikuyasoma.

Jana bosi kaja mwenyewe kusimama mlangoni. Dogo wa field, ana wiki mbili tu kazini, akasema kwa adabu, "Kaka, tuchomoe waya wa mama, halafu tuipigie pingi namba yake kutoka masijala." (Pingi ni kuiita mashine mtandaoni kwa namba yake, uone kama itajibu.) Nikamcheka. Mashine imechomolewa, nani atajibu, marehemu?

Akapiga pingi 192.168.1.25. Marehemu akajibu.

Ofisi kimya. Ncha ya waya ninayo mimi mkononi, na kule masijala mistari inaporomoka: jibu, jibu, jibu. "Kuna mashine nyingine imechukua namba ya mama," dogo akasema. Hapo mdomo ukaniponza. "Zimeni zote, moja moja! Leo namkamata!" Sauti ya mgambo kabisa. Ikazimwa ya mapokezi: inajibu. Ya bosi: inajibu. Ya stoo: inajibu. Zikaisha. Watu saba wakanigeukia, mimi na laptop yangu mezani, waya umechomekwa, inapepea feni.

"Na hiyo?" akauliza mama.

"Hii ni Ubuntu, mama, siyo Windows. Haina mambo hayo."

Dogo hakubishana. Akanyoosha mkono, akashusha kifuniko taratibu kama anafunika ugali. Masijala wakapaza sauti: "Imekata!" Akakiinua. "Inajibu!" Akakishusha. "Imekata!" Akakiinua tena. Dogo, ile mara ya pili haikuwa na ulazima, Mungu anakuona.

Mwezi wa tatu nilikuwa nahangaika na printa, nikaipa laptop namba ya kudumu, 25, ya kubahatisha, nikasahau. Kwa hiyo kila nilipokuja kutengeneza, nilikuja na ugonjwa mwenyewe. Na yale matangazo ya mama? Yalikuwa yanasema namba zinagongana. Wiki tatu.

Nikabadilisha namba, nikanunua soda za watu wote, nikaaga mapema nikisingizia tumbo.

Leo asubuhi mama kanipigia: "Printa imekwama. Usije wewe, nitumie yule mtoto."