Kundi la damu lina uzito gani kwenye ugonjwa?

Siku hizi Moshi, mtu akiambiwa ana presha au sukari, hakosi jirani wa kumuuliza kundi lake la damu. Halafu anapewa karatasi ya lishe: wa A aache nyama, wa O ale nyama na apunguze nafaka. Pale soko la Mbuyuni nimemsikia mama akikataa nyama ya mtori kwa sababu hiyo tu, yeye ni A.

Wanaosema damu na maradhi vinahusiana hawasemi uongo. Tangu miaka ya 1950 watafiti wa Uingereza walionyesha kuwa saratani ya tumbo huwapata wa A zaidi kidogo, na vidonda vya tumbo huwapata zaidi wa O. Ushahidi mzito uko kwenye damu kuganda ndani ya mishipa ya vena: wasio O wana hatari inayokaribia mara mbili, kwa kuwa wa O wana upungufu wa kama robo wa protini ya Von Willebrand, inayosaidia damu kuganda. Kwenye malaria pia, chembe nyekundu zenye vimelea hunatana zaidi na chembe za A na B, zikaziba mishipa midogo. Kwa O hazishikani sana, hivyo malaria kali huwapata wachache zaidi.

Lakini mara mbili ya nini? Ulaya na Marekani, damu kuganda kwenye vena humpata takriban mtu mmoja kati ya elfu kwa mwaka. Zidisha mara mbili, bado walio wengi mno hawaipati. Na O haizuii mbu: wa O anayelala bila chandarua kwenye mashamba ya mpunga ya Moshi chini yuko hatarini zaidi kuliko wa A anayeishi juu kwenye baridi ya Kibosho.

Ile karatasi ya lishe ndiyo siikubali kabisa. Wazo lenyewe lilienezwa na Peter D'Adamo wa Marekani mwaka 1996. Watafiti wa Toronto walilipima, wakachapisha majibu mwaka 2014: waliokula mboga kwa wingi walipata nafuu, wawe A au wasiwe A. Yaani mboga zilisaidia, herufi haikuhusika.

Kinachoniuma ni kwamba tunaikariri herufi na kuisahau alama iliyo pembeni yake, ya kujumlisha (Rh chanya) au ya kutoa (Rh hasi). Mama mwenye Rh hasi akibeba mtoto mwenye Rh chanya, mwili wake unaweza kutengeneza kinga dhidi ya damu ya mtoto. Mimba ya kwanza mara nyingi hupita salama, zinazofuata ndizo huumia: mtoto huzaliwa na upungufu mkubwa wa damu na manjano, au hufia tumboni. Hilo linazuilika kwa sindano ya anti-D. Kwa hiyo mama, kama kadi yako ya kliniki ina alama ya kutoa, mwulize mkunga mapema sindano hiyo inapatikana wapi na kwa bei gani, maana ukishajifungua au mimba ikitoka, inatakiwa ndani ya saa 72.