Mutapata vizibilite

Wiki hii kuna tangazo limezunguka kwenye magrupu yetu ya WhatsApp hapa Lubumbashi. Wanatafuta kijana wa kupiga video, kufanya montaji (kukata na kuunganisha picha), kurekodi sauti, kuendesha gari na kutunza kurasa za Facebook. Mtu mmoja. Kuhusu mshahara, kimya. Ila awe na "pasio", yaani mapenzi ya kazi, na atapata "vizibilite", yaani kuonekana na watu. Nililisoma tena nikitafuta mahali pa kufagia ofisi. Labda nafasi iliwaishia.

Tumezoea kulia kwamba sanaa yetu haina pesa. Pesa ni kidogo, kweli, lakini kinachotumaliza ni kwamba hakuna anayehesabu saa.

Na huu ni mji wa migodi! Babu zetu walijua saa ya kuingia na saa ya kutoka, na posho ilikuwa na siku yake. Simsifu mzungu wa Union Minière, kampuni ya migodi ya wakati wa ukoloni: Desemba 1941 wafanyakazi waliodai nyongeza ya mshahara walipigwa risasi hapa hapa mjini, uwanjani. Lakini kila familia ya Kenya na Katuba, makomini ya mji huu, inajua zamu ni nini. Mjukuu akishika kamera tu, zamu inakufa. Anaitwa saa kumi na mbili asubuhi. Mwimbaji anafika saa sita. Gurupu, ile mashine ya umeme, inaletwa saa nane, bila mafuta. Kazi inaanza jua likishuka, na uzembe wa aliyepanga unalipwa na usingizi wa aliyebeba vyombo.

Kuna dada mmoja wa kupaka sura waigizaji. Tulimaliza saa saba za usiku upande wa mtaa wa Golf, naye anaishi Katuba. Akamuuliza produsa, kama kaka yake mkubwa: "Yaya, sasa ku nyumba nitafika namna gani?" Produsa akamjibu kwamba sanaa inaomba kujitoa, akawasha gari lake, akaenda. Dada alilala kwenye kiti cha mlinzi. Kesho yake hakurudi, na watu wakasema wanawake hawavumilii kazi hii.

Sheria ipo. Kodi ya kazi, yaani kitabu cha sheria za kazi cha 2002, inasema saa 45 kwa wiki, 9 kwa siku. Saa sita za kwanza za ziada zinaongezewa 30%, zinazofuata 60%, na siku ya mapumziko 100%. Wanaojitetea kwamba "huyu ni mtu wa kutwa tu" wasome zaidi: akishafanya siku 22 ndani ya miezi miwili, ukimwita tena kabla miezi hiyo haijaisha, sheria inamhesabu kuwa umemwajiri bila kikomo. Mastajeri wa milele wa mji huu, nyinyi munaoitwa wanafunzi wa kazi kila mwaka, mumesikia? Na CNSS, mfuko wa hifadhi ya jamii, ile 13% ya mwajiri na 5% ya mfanyakazi, muulize mpiga kamera mwenye mgongo uliokwisha. Atacheka.

Haya, nakubali: maprodusa wadogo nao wanabanwa. Makampuni na ONG (mashirika yasiyo ya serikali) wanalipa fakitiri, yaani ankara, baada ya miezi, na SNEL, kampuni ya umeme, inakata umeme faili ikikaribia kutoka, ndiyo maana montaji inafanywa usiku. Lakini SNEL haijawahi kumzuia mtu kuandika karatasi kwa kalamu.

Wengine wananiambia tasnia bado changa, tuiache ikue. Changa! Hangar, shule ya wachoraji, ilifunguliwa hapa 1946, Biennale, maonyesho ya sanaa ya kila miaka miwili, ipo tangu 2008. Itakua lini tena?

Haki za mwandishi na SOCODA, shirika linalozisimamia, niziache leo, nina presha.

Ninachodai ni karatasi moja, usiku wa kuamkia kazi: saa ya kuingia, saa ya kutoka, nani analeta chakula, gari gani linarudisha watu, kiasi gani na kitalipwa lini. Ikichelewa kuisha, iandikwe nani anabeba hasara. Produsa hatafilisika. Atalazimika tu kumpigia simu mwimbaji mapema, na kununua mafuta ya gurupu jana yake.

Mimi bila karatasi hiyo sifungui tena mashine. Produsa mmoja amenicheka, eti nimekuwa sindika, chama cha wafanyakazi. Jumatatu nina montaji kwake. Nimemwomba aandike saa ya kutoka, na mpaka sasa ameandika: "tutaona."