Si kila pambano liliishia kwa kifo

Mwandishi, makala nimeisoma hadi mwisho, ila pale uliposema kila pambano la magladieta, wale wapiganaji wa kutumbuiza umati wa Roma ya kale, liliishia kwa maiti, sikubaliani nawe. Lipo jiwe la kaburi la gladieta Flamma, kule kisiwa cha Sisilia, Italia. Limeandikwa kama daftari la hesabu: aliishi miaka 30, alipigana mara 34, akashinda 21, akatoka sare 9, na mara 4 alishindwa akaachiwa uhai. Mtu wa Syria huyo, kafia mbali na kwao, na aliyemwekea jiwe si mke wala mtoto. Ni Delicatus, mpiganaji mwenzake. Mimi hapo kwa Delicatus nashikwa na simanzi kila mara.

Wenye kambi za magladieta waliwalisha na kuwafundisha kwa gharama kubwa. Nani angetaka mali yake ichinjwe ovyo? Mifupa iliyofukuliwa Efeso, Uturuki, ina majeraha yaliyounga vizuri, yaani walipata matibabu. Hata Galen, yule tabibu mashuhuri, aliwahi kuwatibu magladieta wa mji wa Pergamo.

Simaanishi kwamba walikuwa na raha, la hasha. Wengi wao walikuwa watumwa na mateka wa vita. Mwaka 80 baada ya Kristo, Kaizari Titus alizindua Colosseum, uwanja mkubwa wa mapambano kule Roma, kwa michezo ya siku 100, maseneta wakikaa mbele kabisa, karibu na mchanga wa kupigania, mafukara huko juu. Na wote hao, wa mbele na wa juu, walipaza sauti aliyeshindwa asamehewe au amalizwe.