Kochi la Mama Mkwe na Tiketi Nne za Bure

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, anaamini kwamba kiingilio cha mchezo wa kuigiza hulipwa na watu wasiojuana na watu. Kampala hii, asema, kila ukumbi una mlango wa mbele wa wenye pesa na mlango wa nyuma wa wenye akili. Mimi ni wa mlango wa mbele. Nimetazama michezo ya Kiganda tangu nilipohamia mjini kutoka Bombo, na njia zangu za kubana matumizi hazina ujanja wowote, ila hazijawahi kunitoa jasho.

Mimi huanza na siku. Kikundi kikionyesha mchezo Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, umati huja Jumapili. Ijumaa mchana waigizaji wenyewe bado wanazunguka na vitabu vya tiketi mifukoni, na roho ziko juu. Nenda wakiwa mazoezini, mtafute mwenye kitabu, na kama mko watano mwombe bei ya wanne. Angalia namba iandikwe kwenye kipande chako na kwenye kile kinachobaki kitabuni, na muhuri uwepo. Tiketi isiyo na muhuri utabishana nayo mlangoni huku watu wanakupita. Ukilipa kwa simu, muuzaji atakwambia "tuma na ya kutolea." Hapo kuna ada ya wakala, na juu yake kodi ya serikali ya nusu asilimia kwa pesa inayotolewa, ile iliyoanza kwa asilimia 1 Julai 2018, watu wakapiga kelele, ikapunguzwa. Kwa tiketi moja huisikii. Kwa tiketi nne inaanza kunusa nauli.

Na viti, jamani. Usililie mstari wa mbele. Pale unatazama videvu vya waigizaji na spika inakupiga kwenye sikio moja. Mtafute fundi wa mitambo amekaa wapi na meza yake ya vifungo, kisha keti karibu naye. Huyo ndiye mtu pekee ukumbini aliyechagua kiti kwa kusikia, si kwa kuonekana, na mara nyingi viti vinavyomzunguka ni vya bei ya chini kwa sababu nyaya zinapita miguuni.

Shemeji hayo yote huyaita umaskini wa mawazo. Akaja nyumbani siku moja na tiketi nne za mwaliko, akazipanga mezani.

"Shemeji, hizi nimezipata bure. Kikundi kilikuwa kinatafuta kochi la kuazima kwa ajili ya jukwaa. Mimi nimewapatia kochi, wao wamenipa tiketi."

"Kochi la nani?"

"La watu."

Ukumbi wenyewe siutaji, na kikundi sikitaji, maana watu wale hawana hatia. Tiketi ya kawaida ilikuwa shilingi 20,000, kwa hiyo mezani palikuwa na shilingi 80,000 za bure. Mke wangu alikuwa ananiomba siku nyingi twende Ndere, kule Ntinda, tukatazame kikundi alichokianzisha Stephen Rwangyezi mwaka 1984 kikicheza ngoma za kila pembe ya Uganda huku sisi tunakula. Alipoona tiketi za bure, Ndere ikasubiri. Tiketi ya nne akampa mama yake.

Hapa inafaa nieleze jambo. Mama mkwe wangu ni Mganda wa upande wa Masaka, na kwa mila za Waganda mwanamume na mama mkwe wake hawapeani mkono, hawakaribiani, wala hawakai kiti kimoja. Wazee wanasema ukivunja mwiko huo mikono itakutetemeka mpaka uzeeni. Sisi wa Bombo hatuna ukali huo, lakini nimeoa kwao, nafuata yao. Nikienda kwake Kawempe nakaa kwenye kigoda karibu na mlango, macho chini. Ndiyo maana miaka yote hiyo nilikuwa naifahamu sakafu yake vizuri sana. Kochi lake sikuwa nalifahamu.

Shemeji alikuwa amemwambia mama yake kwamba kochi linakwenda kwa mafundi wa Nsambya kubadilishwa kitambaa. Mama akafurahi, akamwombea dua.

Kochi la watu watatu lina urefu wa karibu mita 2, na mlango wa nyuma wa ukumbi ule una upana wa kama sentimita 90, tena baada ya mlango kuna kona. Kochi haliingii hapo likiwa limelala. Ni lazima lisimamishwe kwa kichwa na miguu itolewe. Miguu minne, boliti nne za milimita 8, spana namba 13. Shemeji alizifungua vizuri, akaziweka kwenye sakafu ya pikapu. Kuna kitu kimoja ambacho barabara ya Bombo haikisamehe, nacho ni boliti iliyowekwa kwenye sakafu ya pikapu. Zikafika tatu. Mguu wa nne, ule wa nyuma kulia, akaupigilia msumari wa inchi 3. Kisha akavua vile vitambaa vyeupe vya kufuma ambavyo mama huvitandika kila mahali, akafunika kochi zima kwa shuka la maua.

Boliti huvuta mguu na kuubana kwenye fremu. Msumari hushikilia nyuzi za mbao tu. Mtu akikaa kwa adabu, msumari utavumilia mwaka mzima. Mtu akijitupa, uzito haushuki moja kwa moja, unasukuma mguu kwa ubavu, mguu unalala, na msumari unatoka na mbao yake. Na kwenye mchezo huu palikuwa na mtu wa kujitupa: mume mlevi, mwigizaji wa kilo zisizopungua 90. Wakati wote wa mazoezi walitumia viti vitatu vya plastiki vilivyosogezwa pamoja, na kiti cha plastiki hakuna anayekitupia mwili, kwa hiyo jamaa alizoea kujishusha polepole. Kochi la kweli lilipofika Ijumaa mchana, likiwa na mito, akapata uhuru.

Tukaenda. Bango lilisema saa kumi na mbili jioni, maana yake taa zitazimwa karibu na saa mbili. Mlangoni tukajifunza sheria ya tiketi ya mwaliko ambayo shemeji hakuisema: haina namba ya kiti. Wanaolipa huketi kwanza, waalikwa hupachikwa palipobaki. Mimi na mke wangu tukapelekwa nyuma, nikamshukuru Mungu, maana mama mkwe alikuwa mbali. Shemeji akasimama ukutani. Mama, kwa heshima ya umri wake na gomesi lake, lile vazi la heshima la Waganda, akapewa kiti kilichobaki mstari wa mbele, pale pa videvu, hatua chache kutoka kwenye ngazi ya jukwaa.

Pazia likafunguka. Sebule. Kochi la shuka la maua. Mama akatulia. Yeye ni mtazamaji wa siku nyingi, tangu kikundi cha Ebonies cha Jimmy Katumba kinavuma miaka ya 1980, na anajua kabisa kwamba Kampala mtazamaji anaruhusiwa kumjibu mwigizaji. Mke wa jukwaani akamwingiza mchepuko, mumewe akasikika nje akiimba ovyo, mchepuko akaruka nyuma ya kochi. Ukumbi ukacheka. Mume akaingia akiyumba, akafungua mikono, akajitupa.

Mlio ule niliusikia mpaka kule nyuma. Kona ya nyuma ikashuka, mtu na mito wakaporomokea upande mmoja, na shuka likateleza. Kwenye mkono wa kushoto wa kochi, chini ya taa kali ya jukwaa, ikatokea alama nyeusi yenye umbo la pasi ya mkaa, ncha ikitazama watazamaji.

Mama alisimama. Kwanza alisema "banange", yaani jamani, kwa sauti ya chini. Kisha akapandisha, na mama akikasirika kweli haongei Kiganda. Marehemu mumewe alikuwa mwanajeshi, na aliishi naye kambini Jinja miaka mingi.

"WEWE! Toka kwa kochi yangu! Sasa hivi!"

Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa huenda asielewe kilichotokea. Kampala, watu wa umri fulani waliwahi kuamrishwa kwa Kiswahili cha namna hiyo na wanajeshi, si na mama wa gomesi. Mstari mzima wa pili ukanyooka mgongo. Mlevi wa jukwaani, ambaye kwa mujibu wa mchezo hakuweza kusimama, akasimama wima, visigino pamoja, mikono ubavuni. Mzee mmoja jirani yangu alikuwa ameshatoa kitambulisho.

Halafu ukumbi ukalipuka kwa makofi. Walidhani ndio mchezo.

Mama akapanda ngazi. Mwigizaji, ambaye naye ni Mganda, alitambua kwamba lolote atakalolisema lazima lifanane na mchezo, akapiga kelele, "Mama mkwe wangu amekuja!" na papo hapo akaruka mbali asije akamgusa, akaikumba meza. Watu wakashangilia heshima ile. Mama hakuwa na habari naye. Aliinama, akaliinua kochi upande mmoja kwa mkono, akatazama chini, akatoa ule msumari uliopinda na kuuonyesha ukumbi mzima.

"Hii ndiyo Nsambya?"

Kule ukutani shemeji alikuwa hayupo tena.

Kisha mama akaketi kwenye upande uliokuwa bado na miguu, akaweka mkoba magotini, na kuwaambia waigizaji waendelee, yeye haondoki hapa bila mali yake. Wakaendelea, wangefanyaje? Tatizo likawa mchepuko. Kwa jinsi mchezo ulivyoandikwa, anakaa nyuma ya kochi mpaka sehemu ya pili, mapumziko yapite, watu wanunue soda, ndipo agunduliwe baada ya saa nzima ya visa. Mume akauliza kwa sauti ya kilevi, "Nani amekula chakula changu?" Mama, ambaye tangu aketi alikuwa anasikia mtu anapumua kisogoni, akajibu: "Si huyu hapa nyuma? Yuko hapa tangu zamani. Wewe, toka, unakanyaga shuka ya watu."

Mchepuko akatoka. Angebaki vipi? Mke wa jukwaani akalia machozi ambayo nadhani yalikuwa ya kweli, maana hotuba yake ndefu ilikuwa ya sehemu ya pili. Mama akamwamuru mume akae kwenye kiti, akamwamuru mchepuko aombe msamaha, akawauliza kama wana watoto, akaambiwa wawili, akasema basi yamekwisha. Pazia likafungwa saa tatu na nusu usiku. Mimi sijawahi kutoka kwenye mchezo wa Kampala saa hiyo. Teksi, yaani daladala za kwetu, zilikuwa bado zinaita watu kwa nauli ya mchana, na wale wazoefu tuliokuwa tumetenga pesa za boda ya usiku tukabaki nazo mfukoni, hatujui tuzifanyie nini.

Hesabu ya tiketi za bure tuliifanya nyumbani, shemeji akiwa amejitokeza njaa ilipombana. Pikapu kwenda 40,000, kurudi 40,000. Wabebaji wawili kwa 5,000 kila mmoja, kwenda na kurudi, 20,000. Fundi wa kuziba mbao iliyopasuka 15,000. Boliti 1,000. Jumla 116,000, kwa tiketi za 80,000. Halafu mama akakumbusha kwamba aliahidiwa kitambaa kipya, na kochi la watu watatu linataka mita 8 hivi ukitaka mito ivishwe pande zote. Mama alitaka pande zote. Kalamu ikawekwa chini.

Jumamosi asubuhi kiongozi wa kikundi akapiga simu. Shemeji akajificha chooni akidhani ni madai. Kumbe watu walikuwa wameulizia dirishani kama yule mama atakuwepo tena. Akaomba azungumze naye. Mama akachukua simu, akasikiliza kimya, akataja masharti yake: shilingi 50,000 kila onyesho, zilipwe kabla hajapanda, kodi ya kochi kando, gari la kumchukua na kumrudisha Kawempe, na boliti nne mpya, asione msumari. Kiongozi akajaribu kupunguza. Mama akamjibu kwa Kiswahili. Kiongozi akakubali.

Jumapili tulifika mapema tukamkuta jukwaani, gomesi jipya, kochi limegeuzwa miguu juu, yeye anazijaribu boliti moja moja kwa spana namba 13. Shemeji akasogea kwa unyenyekevu wote, akasema kwa kuwa sasa mama ni msanii, bila shaka amepewa tiketi za mwaliko, walau mbili.

Mama hakuinua kichwa. Akanyoosha spana kuelekea dirisha la tiketi.

"Foleni iko pale, mwanangu. Na siku ya Jumapili hawapunguzi."