GB 64 na bado nafasi hakuna

Juzi niko Jamatini nasubiri daladala, fundi wangu wa ujenzi akapiga: "Mzee, nimekutumia risiti ya saruji, umeiona?" Niione wapi! Simu imegoma, imeandika memori imejaa. GB 64, jamani! Siku naichukua dukani muuzaji aliniapia nitazeeka nayo. Mwaka na nusu tu, imevimbiwa kama mbuzi aliyefumaniwa kwenye ghala la mtama.

Na mimi si mgeni wa mambo haya. Enzi zile nikipiga chapa stesheneri, maisha yangu yote yalienea kwenye disketi moja ya MB 1.44: barua za kuomba kazi, katiba ya SACCOS, ratiba ya kwaya. Ikigoma unaipuliza, unaipangusa kwenye shati, inasoma. Nimepiga hesabu: simu yangu ni disketi zaidi ya 44,000.

Aliyenitibua kabisa ni mwanangu, yule wa UDOM. Eti mwaka 1956 IBM walitoa mashine ya kuhifadhia, RAMAC, uzito kama tani nzima, ndani ina sahani 50, kila moja kama sinia la pilau, na yote ilibeba herufi milioni 5 tu. Ubwabwa wangu wa Jumapili, picha moja, ungelijaza dude lile na kijiko kikabaki nje! Akaongeza kwamba kompyuta ya chombo kilichowashusha Wamarekani mwezini mwaka 1969 ilikuwa na memori ya KB 76 hivi, ukijumlisha yote. Watu wameshuka mwezini wakarudi salama kwa KB 76. Mimi na GB 64 nashindwa kuona risiti nikiwa Jamatini.

Nikaipeleka kwa fundi simu pale Majengo. Kijana anapekua, anacheka.

"Mzee, mbona humu ni matofali tu?"

Ndiyo. Fundi wa kule Nala hutuma picha ya kila tofali analoinua, nisije nikauliza hela imekwenda wapi. Nyumba haijafika hata kwenye lenta, picha zilishapaua.

"Na hili kundi la kamati ya harusi?"

Harusi ilikuwa 2019. Maharusi wana watoto wawili, kamati haijavunjwa. Kila asubuhi mwenyekiti anarusha video ya maua ya waridi na kikombe cha chai, kutuamkia. Kujitoa nashindwa, maana ahadi yangu ya elfu hamsini sijaimalizia, watasema nimekimbia deni.

"Nilisafishe basi?"

"Safisha."

Hata hajagusa, kundi likalia. Mweka hazina katuma picha: orodha ya ambao hawajakamilisha ahadi. Simu ikajaribu kuifungua, ikashindwa. Nafasi haitoshi.

"Kijana," nikamwambia, "iache hivyo hivyo. Nipe simu yangu."